Asubuhi Tulizoruka Jina la Mapembe

Papa Mapembe,

Niko.

Ungekuwa unaniita kwa radio ningejibu hivyo tu, neno moja, kisha ningeachilia kidole nikusikilize. Leo nina mengi kuliko neno moja. Nimeamua kuyaandika kwenye kurasa za nyuma za kaye ya radio, daftari letu la kuandikia wito, zile ulizozoea kuchora antena na vichwa vya ng'ombe wakati Shefu, mkuu wetu, anahutubia. Akiniona atanigombeza. Acha anigombeze.

Siku ya maziko yako waliniita niseme neno kwa niaba ya kikosi chetu cha zimamoto. Mimi ambaye kazi yangu ni kuongea nilisimama mbele ya watu na karatasi mkononi, sauti ikakataa kabisa. Mama Lotsove, mke wako, yeye mwenyewe mwenye msiba, alinishika mkono akanirudisha kwenye kiti. Neno nililoshindwa kulisema siku ile ndilo hili. Limechelewa, na limekuja na habari mbaya na habari njema. Naanza na mbaya kwa sababu ni yangu.

Unakumbuka siku ulipogawa majina ya kuitana kwenye radio? Shefu alitaka namba: un, deux, trois, kama inavyoandikwa kwenye karatasi zake. Ukavua kofia, ukaishika kifuani kwa adabu zote, ukamkatalia. "Shefu, kwetu ngombe hatuhesabiake. Tunaziitaka majina. Ile haiitike, njo unajua haiko." Gari letu la pompa, kwa sababu ni jekundu, likawa Bihogo, kama yule ng'ombe mwekundu wa marehemu baba yako. Ofisi ikawa Zizi. Radio ya mlinzi wa soko ikawa Kengele. Radio ya Mwalimu Jean, kule shuleni nyuma ya kilima, ikawa Madoa. Nyumba yako juu ya kilima, yenye antena mbili zilizosimama juu ya bati, ikawa Mapembe, na wewe mwenyewe ukawa Mapembe, hata watoto wa mtaa wakasahau jina lako la ubatizo. Shefu alinung'unika kwamba hatuko kijijini. Baada ya wiki moja nilimsikia kwenye radio akisema, "Bihogo, rudi Zizi," bila kucheka hata kidogo.

Na unakumbuka tulivyozunguka Bunia nzima kutafuta mahali ambapo sauti inakufa? Ulinipakia kwenye pikipiki ya motari mmoja mwenye subira, ukanipa radio, wewe ukabaki ofisini na kaye hii. Kwenye kila njiapanda nilisimama nikasema, "Niko hapa, unanisikia?" nawe ukaandika: safi, mbaya, kimya. Watu walinitazama kama mwendawazimu. Mama yangu, aliyekuwa anauza vitenge barabarani, alinikuta nikiongea na kisanduku mbele ya duka la dawa, akanisalimia kwa Kinande, kwa sauti ya chini, kama anamsalimia mgonjwa. Niliporudi ulinionyesha kurasa. Nyuma ya kilima kulikuwa na kimya tupu, mistari miwili mizima. Ndipo ukasema relai, kile kisanduku cha kupokezana sauti, itakaa kwako, kwa sababu nyumba yako inaona pande zote mbili: inadaka sauti ya huku na kuirusha kule. Tulikuwa na frekansi mbili, masafa mawili ya hewani, kwenye ile karatasi ya ruhusa ya serikali. Ya kwanza ikawa kanali ya mjini, njia ya sauti ya moja kwa moja. Ya pili ikawa kanali ya kilima, inayopita kwenye kisanduku chako. Radio zetu zinasikiliza zote mbili, kitufe ni cha kuchagua ile ya kusemea.

Nakumbuka pia jinsi ulivyonicheka. "Weye Kavira, uko naongea sawa mutu anauzisha nyanya. Polepole. Radio haina kibanda." Nikikasirika unaniambia watu wa Butembo tunazaliwa na bei mdomoni. Halafu unanisogezea chai.

Sasa habari mbaya.

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Zizi inaita. Bihogo? Niko. Kengele? Niko. Kisha nageuza kitufe, naingia kanali ya pili, naita jina la mwisho. Mapembe? Nahesabu pumzi tatu, kwa sababu ulinifundisha kwamba anayeitwa huenda ana ndoo mkononi. Wewe ulishamwita Madoa mwenyewe, kwa hiyo unajibu kwa wote wawili: "Mapembe iko, Madoa iko, na chai iko." Miaka yote ile hukubadilisha hata neno. Ila siku moja uliponiambia chai haiko nilidhani mmevamiwa, kumbe sukari tu imeisha.

Ulituacha siku ya Jumapili. Jumatatu nilikuja kazini kama kawaida kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Nikaita Bihogo. Nikaita Kengele. Kidole kikafika kwenye kitufe cha kanali ya pili, kikasimama hapo. Papa, nilijua kabisa hutajibu. Nilichokuwa nakiogopa ni zile pumzi tatu. Nikafunga kaye, nikaandika "wote wako," nikaenda nyuma ya gari kulia.

Hakuna aliyenikosoa. Bahati, dereva wa Bihogo, alikuja akasimama karibu yangu, akasema, "Umefanya muzuri. Tumuache apumuzike." Shefu naye alisema jina lako lisiitwe hewani mpaka siku ya kutoa matanga. Wote tuliona ni vizuri. Mwalimu Jean, kule nyuma ya kilima, asubuhi ile alisubiri sauti yako na haikuja. Akajiambia, wanaomboleza, na mimi ninyamaze. Akaweka radio yake juu ya kabati la chaki. Hivyo sote tukawa kimya kwa upendo, na kila siku ya kimya ilituonyesha kwamba tunakuheshimu.

Sasa nafikiri ungetushika masikio mmoja mmoja. Wito wa jina lako ndio ulikuwa wa kujaribu relai. Wewe ulikuwa unajua. Mimi pia nilikuwa najua, uliniambia mara mia. Nilipoacha kukuita, nikaacha kumsikia Madoa, na sikujiuliza hata siku moja kama kile kisanduku bado kinapumua.

Moto uliwaka mchana, wakati wa upepo ule mkavu unaoleta vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Ulianzia kwenye karakana ya Fundi Safari, seremala anayefanya kazi jirani na shule. Maranda, mbao kavu, jiko la gundi. Mwalimu Jean alichukua radio juu ya kabati akaita Zizi. Akaita tena. Mimi nilikuwa nimekaa mezani kwangu, radio ikiwa mbele yangu, wazi, na sauti imepandishwa. Sikusikia kitu. Alijaribu simu, na siku ile rezo ilikuwa imekatika mji mzima. Mwisho akamsimamisha motari akamwambia akimbie mpaka ofisini. Yule kijana alifika kwetu, akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mwalimu anauliza kama muliwahama."

Bihogo ilipofika, karakana ilikuwa imekwisha na nyumba mbili zilikuwa zinamalizikia. Hakufa mtu, Papa. Nakuandikia hilo haraka, maana najua ungeuliza kwanza. Bibi mmoja asiyeweza kutembea alitolewa na majirani akiwa amelazwa juu ya mlango, mmoja wa milango aliyokuwa ametengeneza Fundi Safari wiki ile. Mlango ukapona na bibi akapona. Vingine vyote vikawa majivu: randa, misumeno, vitanda viwili vya arusi ya watu.

Jioni hiyo nilimweleza Shefu. Sikusema "tulisahau." Nilisema, mimi niliacha kumwita Mapembe kwa sababu niliogopa, na kwa kuacha kwangu sikujua relai imekufa. Nilitegemea atanifukuza. Alikwaruza tope kwenye buti lake, halafu akasema na yeye alikuwa mwoga yule yule, ila yeye alikuwa na cheo cha kujificha nyuma yake.

Kesho yake asubuhi nilipanda kilima na Bahati. Sikuwa nimefika kwako tangu maziko. Mama Lotsove alitupokea kwa viazi na maharage, akatukataza kugusa kitu kabla hatujala. Kisha nikafungua kile kibanda cha relai.

Ungecheka. Naapa ungecheka mpaka ukae chini. Kwenye batri yako, ile uliyokuwa unaifuta kwa kitambaa kama uso wa mtoto, kulikuwa na nyaya za chaja za simu nimehesabu saba, zimesokotwa pamoja, na waya mnene wa bafle, ile spika kubwa ya kwaya. Waombolezaji, Papa. Siku zile za mwanzo za matanga walikesha kwako wakiimba, batri yao ilipopungua wakaona mahali penye umeme, wakachomeka. Kwaya ilikuimbia kwa batri yako mwenyewe mpaka ikaisha, na hawakujua. Pano ya jua inayochaji batri, kule juu ya bati, ilikuwa na vumbi zito kiasi kwamba kuku alikuwa ameacha nyayo. Nilicheka, kisha nikalia, kisha Bahati akanipa leso iliyokuwa inanuka mafuta ya gari nikacheka tena.

Batri haikufufuka. Ilikuwa imevimba kwenye ubavu. Tukamwambia kiongozi wa kwaya ukweli, taratibu, kwa sababu ni mtu wa kulia upesi. Alilia. Jumapili iliyofuata wanakwaya walipanda kilima wakiwa wamebeba batri ya bafle yao, ile kubwa, wakaiweka mlangoni kwa Mama Lotsove. Wamekuwa wakiimba kwa sauti tupu tangu hapo, na kusema kweli wanaimba vizuri zaidi.

Nani aliyetengeneza sanduku jipya la batri, lenye kufuli? Fundi Safari. Nilipomwona anapanda na mbao za kuazima na randa ya kuazima, nilitaka kurudi nyumbani. Nilimwomba msamaha hapo hapo, kabla hajatua mzigo. Aliniambia, "Dada, kama nakukasirikia, moto ingine ikiwaka nitamuita nani?" Akapima kwa vidole, akakata. Sanduku lina paa dogo la mteremko kama nyumba. Pia lina maandishi aliyochonga mwenyewe, yanayosema simu zisichajiwe hapa, hata kama kuna msiba.

Tulipowasha, nilisimama uani kwako na radio ya mkononi. Nilifanya ulivyonifundisha: kusikiliza kwanza, kwani huenda mwingine yuko hewani. Unakumbuka wale wafanyabiashara wa Komanda waliokuwa wanatuingilia na habari za magunia ya vitunguu, na wewe ukawaomba radhi kila siku kwa heshima mpaka wakahama kwa aibu? Hapakuwa na vitunguu. Hapakuwa na mtu. Nikaita, "Madoa, Madoa." Mwalimu Jean akajibu wazi kabisa, safi, kama yuko nyuma ya ukuta. Alisema, "Mulikuwa wapi?" Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana liliniuma.

Kazi ilikuwa imekamilika, ila jina. Ilibidi sasa Zizi iite tena kilima kila asubuhi, na kilima kina jina lako. Shefu alipendekeza jina jipya. Alikuwa ameliandika hata kwenye ubao: Relai Moja. Nami, nisikufiche, nilifurahi. Nilifikiri, basi sitalazimika. Tutaita Relai Moja, na mlinzi yeyote atajibu, na mimi sitasikia pumzi tatu bila wewe ndani yake.

Ikafika siku ya kutoa matanga. Tulikaa uani, chakula kimeliwa, wazee wa ukoo wameshamaliza maneno yao. Shefu akasimama akaeleza jambo la jina jipya, akitegemea familia itashukuru. Mama Lotsove alikuwa amekaa kwenye mkeka na mikono kwenye mapaja. Alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, polepole, kama wewe:

"Miaka yote niko nasikia hii nyumba inaitwa asubui. Mutu mwenye alikuwa naitika ameenda. Nyumba haijaenda. Muiite jina yake. Miye njo nitaitika."

Shefu akakohoa. Mzee mmoja wa ukoo akauliza kama mwanamke mjane anaweza kazi ya radio. Mama Lotsove akamjibu kwamba amekuwa akisikia kazi hiyo kutoka jikoni kabla wengine hawajajua antena ni nini, na kwamba mara nyingi ulipokuwa umelala yeye ndiye aliyekuamsha uitike. Hilo hukuniambia, Papa. Hilo tutalizungumza siku moja.

Nilimfundisha siku mbili. Siku ya kwanza alibonyeza kitufe na hakuachilia, akatuletea hewani mambo yote ya jikoni, pamoja na maoni yake kuhusu suruali za Bahati. Bihogo ilikuwa soko kuu na watu walisikia. Siku ya pili alishika. Ana sauti nzito, haikimbii. Mimi ungeniambia nauza nyanya. Yeye hungepata la kumwambia.

Kisha ikaja ile asubuhi. Nilifika kabla ya saa. Nikaita Bihogo. Nikaita Kengele. Nikageuza kitufe. Bahati alikuwa amezima injini asifanye kelele, Shefu alisimama mlangoni akijifanya anasoma karatasi. Nikabonyeza. Nikasema jina lako, Papa, mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Sauti ilitoka. Nikaachilia.

Pumzi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Mapembe iko. Madoa iko. Na chai iko."

Sikuweza kuandika kwenye kaye. Shefu ndiye aliyeandika, na ameandika vibaya kama kawaida yake, lakini nimeuacha ukurasa ule kama ulivyo.

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na moto tena nyuma ya kilima, kwenye tanuri ya mkate jirani na shule. Mwalimu Jean aliita mara moja tu. Mama Lotsove alisikia, nilisikia, Bahati alisikia. Bihogo ilitoka kabla hatujauona moshi kutoka mjini. Kiliungua kipande cha paa la jikoni, basi. Fundi Safari alikuwa amefika na ndoo kabla yetu, akituonyesha njia kwa mikono miwili kama polisi wa barabarani. Kesho yake walioka mkate kama kawaida. Ulikuwa unanuka moshi kidogo, na sisi wote tuliununua na kuusifu.

Mama Lotsove anasafisha pano kila Jumamosi. Amekataza kuku. Anakusalimu, na anasema kofia yako bado iko kwenye msumari, hataki mtu aivae.

Nakuahidi hivi. Nitaliita jina lako kila asubuhi mahali pake, la mwisho, na nitasubiri zile pumzi tatu hata siku ambayo kila kitu kiko sawa. Nikitoka kwenye meza hii, yule atakayekaa atajifunza jina lako kabla ya kujifunza vitufe. Na siku ambayo atakayeitwa hataitika, sitasema kwamba ni heshima. Nitapanda kilima.

Kwa heri, Papa. Ulikuwa unanikataza kuongea kwa kirefu, unasema batri inakwisha na mwingine anangoja hewani. Nimeongea kwa kirefu. Saa inakaribia kumi na mbili na nusu, na kule juu najua maji ya chai yameshawekwa motoni.

Naachilia kidole.

Kavira